Utumbo uliojimeza mara mbili

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni msomaji wako wa Muheza, Tanga. Nina miaka 31, mume wangu ana 36, ni fundi seremala. Tuna watoto wawili, wa kike miaka 9 na wa kiume miaka 6.

Mume wangu alipasuliwa tumbo akiwa na miaka 19, kabla hatujajuana. Yeye anavyojua ni kwamba utumbo ulijisokota, wakakata kipande, basi. Tangu anioe tumbo humshika mara kwa mara. Linakuja kwa mawimbi kama uchungu wa kuzaa, anajikunja kitandani, jasho linamtoka, halafu baada ya saa moja au mbili linaachia na anarudi karakana kama hakuna kilichotokea. Altrasaundi tumepima mara tatu, zote tukaambiwa yuko salama. Dawa za vidonda vya tumbo, za minyoo na za amiba amekunywa mpaka nimeacha kuhesabu. Mara mbili ameongezewa damu, na hakuna aliyetuambia damu yake inakwenda wapi.

Februari mwaka huu lilimshika usiku wa Ijumaa, safari hii halikuachia. Alitapika mpaka maji ya kijani, tumbo likajaa kama ngoma, hata hewa haitoki. Jumapili akapasuliwa. Daktari alisema utumbo umejimeza na ndani kuna vinyama vingi, akakata kama sentimita 60. Baada ya wiki tano tukapewa karatasi ya maabara, ya Kiingereza. Nimenakili maneno niliyoona yamepigiwa mstari: Peutz-Jeghers. Kliniki tukaambiwa kidonda kimepona, turudi pakiwa na shida.

Sasa mtoto wetu wa kiume ana vidoa vyeusi midomoni, kama alivyo baba yake. Mama mkwe anasema ni kwa sababu nilikula sana udongo nikiwa na mimba yake. Anasema pia kwamba baba mkwe, ambaye mimi sikumkuta, alikufa kwa tumbo akiwa na miaka arobaini na kitu, na kwamba huo ni mshipa wa ukoo wao, hautaki kisu, unataka tambiko. Mume wangu yeye hasemi kitu. Daktari, ugonjwa huu ni nini? Utarudi? Na watoto wangu je?

Mke wa fundi, Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uitoe hiyo karatasi ya maabara ilipo. Itolee nakala mbili. Moja ikae pamoja na cheti cha kliniki cha mumeo, ya pili mpe ndugu yake yeyote anayejua kutunza vitu. Halafu ipige picha ibaki kwenye simu yako. Katika miaka yote niliyoshika kisu nimeona karatasi kama hiyo zikifungiwa maandazi, na mgonjwa akirudi baada ya miaka mitano tunaanza upya kama vipofu.

Peutz na Jeghers ni watu. Jan Peutz alikuwa daktari Mholanzi. Mwaka 1921 aliandika habari za familia moja ya nchini kwao ambayo watu wake walikuwa na vidoa midomoni na vinyama ndani ya utumbo. Harold Jeghers, Mmarekani, akaja kuandika na wenzake mwaka 1949 juu ya wagonjwa wengine wa aina hiyohiyo. Hata kabla yao, mwaka 1895, daktari mmoja wa London alieleza habari za pacha wawili wa kike wenye vidoa midomoni, bila kujua kwamba anatazama ugonjwa. Mmoja wa pacha hao alifariki akiwa na miaka 20, utumbo ulijimeza. Mwenzake alifika miaka 52, akafariki kwa saratani ya titi. Huyo wa pili nitamrudia.

Kwa hiyo jambo la kwanza: ni ugonjwa wa kurithi, na mumeo hakuupata kwa chakula wala kwa maji. Kila mmoja wetu ana jeni inayoitwa STK11, iko kwenye kromosomu ya 19, na kazi yake ni kama breki; inazuia chembe za mwili zisizaliane ovyo. Wataalamu waliitambua mwaka 1998. Mwenye ugonjwa huu ana nakala moja nzima na moja mbovu. Breki ikilegea, ukuta wa ndani wa utumbo unaota vinyama, vingine kama punje ya mtama, vingine kama limau, na vingi huning'inia kwa kikonyo kama uyoga.

Sasa kujimeza. Umewahi kuvua shati la mikono mirefu kwa haraka mkono mmoja ukageukia ndani? Ndiyo hivyo. Utumbo unasukuma chakula kwenda mbele kwa kubanabana. Ukikutana na kinyama chenye kikonyo unakidhania ni tonge, unakivuta. Kinyama hakichomoki, kimeshikwa na ukuta, basi kinauvuta ukuta na kuuingiza ndani ya kipande cha utumbo kilicho mbele yake. Mishipa ya damu nayo inaburutwa humo humo. Kwanza damu inashindwa kutoka, utumbo unavimba. Baadaye damu inashindwa hata kuingia, na utumbo unaanza kufa. Chakula hakipiti, hewa haipiti, ndipo tumbo linajaa kama ngoma na mtu anatapika kijani. Hii si sawa na kujisokota, ambako utumbo unajizungusha kama kamba. Huenda mwaka ule alipokuwa na miaka 19 mumeo aliambiwa jambo moja akasikia jingine. Huenda pia aliyemweleza alikuwa na haraka.

Watoto wadogo, hasa wa chini ya miaka miwili, hujimeza utumbo bila sababu inayoonekana, na wengi wao hufunguliwa kwa kusukumiwa hewa au maji kupitia njia ya haja kubwa, bila kisu. Mtu mzima ni habari nyingine. Watu wazima wengi tunaowapokea na utumbo ulioziba, wameziba kwa makovu ya upasuaji wa zamani, kwa ngiri, au kwa uvimbe. Kujimeza ni kwa nadra, na kukitokea karibu kila mara kuna kitu ndani kilichovuta: kinyama, saratani, uvimbe wa mafuta. Daktari wa upasuaji akishafungua na kunyoosha anatakiwa ajiulize, kilichovuta ni nini, na wenzake wako wangapi?

Naandika hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kutojiuliza. Miaka ya tisini nilikuwa hospitali moja ya wilaya, umeme wa jenereta, altrasaundi hakuna. Aliletwa kijana mvuvi, siku ya tatu ya maumivu, kabebwa kwenye kitanda cha kamba. Nilipofungua nilikuta fundo jekundu linaloelekea weusi, nene kama muhogo. Nikalikamua taratibu kwa vidole kutoka mbele kurudi nyuma, kwa sababu ukivuta linachanika, na sehemu iliyokuwa imekufa nikaikata, nikaunga. Nilipokuwa naupitisha utumbo uliobaki mikononi niligusa vitu ndani yake, hapa kimoja, pale viwili, kama punje za mahindi ndani ya soksi. Nikadhani ni minyoo au mabaki ya chakula. Jenereta ilikuwa inakohoa. Nikafunga tumbo.

Alirudi baada ya miaka miwili, tatizo lilelile. Safari hii mtaalamu wa usingizi, mzee mmoja mtani sana, alipomfungua mdomo apitishe mpira akaniita: "Daktari, huyu kijana anatafuna kalamu?" Nikainama. Ndani ya mashavu na kwenye mdomo wa chini palikuwa na vidoa vya rangi ya wino, vidogo kama vichwa vya pini, vingine vikubwa kidogo. Vilikuwepo mara ya kwanza pia. Sikuwa nimeangalia.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi vidoa hivi havipigi kelele. Watu wengi wana midomo yenye weusi wa asili, na fizi nyeusi ni kawaida kabisa. Kwa hiyo usianze kumtazama kila mtu sokoni ukidhani amerithi kitu. Vidoa vya ugonjwa huu vimetenganatengana, vina ukubwa wa milimita 1 hadi 5, na hupenda kuvuka ukingo wa mdomo kuingia kwenye ngozi. Huonekana pia kuzunguka pua na macho, kwenye ncha za vidole, na ndani ya mashavu. Huanza utotoni. Vya midomoni vinaweza kufifia mtu akishabalehe. Vya ndani ya mashavu kwa kawaida hubaki. Vidoa vyenyewe havina madhara, usivipake kitu.

Huenda unajiuliza kwa nini altrasaundi tatu zilikuwa safi. Kwa sababu mlikwenda siku nzuri. Utumbo unaweza kujimeza asubuhi ukajitapika wenyewe mchana, ndiyo hayo maumivu ya saa moja au mbili yanayoachia. Ukipima Jumatano tumbo lililouma Jumatatu hutaona kitu. Likimshika tena, mpelekeni likiwa linauma, na mwambieni mpimaji kwa maneno haya: "Utumbo wake umewahi kujimeza mara mbili na ana vinyama." Aliyeambiwa hivyo atatafuta duara ndani ya duara, mfano wa andazi lenye tundu. Asiyeambiwa atapima ini na figo na kuandika kawaida. CT skani huonyesha vizuri zaidi, kama ipo karibu.

Na siku hiyo asipewe dawa ya kuharisha, mafuta ya nyonyo, wala kupigwa bomba la mitishamba ili "tumbo lifunguke". Maumivu ya mawimbi yakiambatana na kutapika, tumbo kujaa na hewa kutotoka, msisubiri kukuche. Ijumaa usiku hadi Jumapili mlichelewa, mwanangu. Sikulaumu, nimewaona madaktari waliochelewa kuliko ninyi.

Damu nayo sasa unajua inakokwenda. Vinyama huvuja kidogokidogo, kiasi ambacho choo hakibadiliki rangi, na baada ya miezi mtu anaanza kuhema akipanda ngazi. Huku kwetu mtu mzima akikosa damu tunakimbilia minyoo ya safura, malaria, lishe. Ni sahihi kuanzia huko. Lakini aliyeongezewa damu mara mbili na vidonge vya minyoo ameshameza, atafutiwe tundu linalovuja.

Utarudi? Ugonjwa haujaondoka, kilichoondoka ni sentimita 60. Vinyama vilivyobaki vinaendelea kukua, na vipya vitaota. Hapo ndipo sikubaliani na aliyewaambia mrudi pakiwa na shida. Uchunguzi mmoja wa Uholanzi uliowafuatilia wagonjwa hawa ulikuta kwamba karibu 7 kati ya 10 walikuwa wamejimeza utumbo angalau mara moja, wengi kwenye utumbo mwembamba. Tena kila upasuaji wa dharura unapunguza utumbo. Mtu anazaliwa na mita nyingi za utumbo mwembamba, lakini ukikatakata kila baada ya miaka michache unafika mahali mgonjwa anakula na hanenepi. Kwa hiyo lengo ni kuvitoa vinyama vikubwa kabla havijavuta. Kinachotuogopesha ni kile kilichofika sentimita moja na nusu na kuendelea.

Namna ya kuvifikia ndiyo ngumu. Kamera ya kupitia mdomoni inaona tumbo la chakula na mwanzo wa utumbo. Ya kupitia nyuma inaona utumbo mpana. Hizi mbili zinapatikana Muhimbili, KCMC, Bugando na kwingineko, na kinyama kikionekana kinaweza kukatwa hapohapo kwa waya bila kufungua tumbo. Katikati panabaki mita kadhaa ambazo kamera hizo hazifiki, na ndiko vinyama hivi vinakopenda kukaa. Wenye uwezo humezesha mgonjwa kidonge chenye kamera, au hutumia kamera ndefu yenye maputo mawili iliyobuniwa na daktari Mjapani, Hironori Yamamoto. Onyo moja: kidonge cha kamera kinaweza kukwama kwenye utumbo uliobanwa, kwa hiyo mumeo asikimeze mahali popote bila anayempa kujua kwamba amepasuliwa mara mbili. Kama hivyo havipo, MRI au CT ya utumbo baada ya kunywa dawa ya kuonyesha itafaa, na pasipo hizo hata picha ya eksirei ya kunywa bariamu, kipimo cha zamani ambacho vijana wanakidharau.

Ningekuwa mimi na mfuko wa fundi seremala, ningepanga hivi. Mwezi huu picha kamili ya damu, haina gharama kubwa. Kisha rufaa ya kwenda hospitali ya kanda, mkononi kuna ile karatasi, kwa kamera ya juu na ya chini na picha ya utumbo mwembamba. Baada ya hapo kila miaka miwili au mitatu, hata akiwa mzima kama chuma. Kama bado hamjakata bima ya afya, uzeni kabati moja mkaikate. Na ikitokea apasuliwe tena, mwombeni mpasuaji apitishe kamera kupitia palepale alipofungua, asafishe vinyama vyote anavyoweza kwa safari moja. Si kila mahali inawezekana, lakini kuomba ni haki yenu.

Yule pacha wa pili. Breki ile mbovu haiko utumboni peke yake, kwa hiyo wenye ugonjwa huu wana hatari kubwa kuliko watu wengine ya kupata saratani: ya utumbo, ya kongosho, ya matiti, na kwa wanawake pia shingo ya kizazi na ovari. Sikuambii haya ukose usingizi. Nakuambia kwa sababu dada wa mumeo, kama wapo na wana vidoa, wanapaswa kuchunguzwa matiti kuanzia miaka 30 hivi, wasisubiri umri wanaosubiri wanawake wengine, na waende kupimwa shingo ya kizazi bila kuvuta miguu. Mumeo naye akihisi uvimbe kwenye korodani aseme. Najua hasemi kitu. Mwambie nimemwagiza mimi.

Watoto. Kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi ya nusu kwa nusu, mvulana sawa na msichana, na kila mmoja anarushiwa sarafu yake. Mmoja akiupata haimaanishi mwenzake amesalimika. Kijana wako mwenye vidoa, baba akiwa mgonjwa, kitabibu tunamhesabu kwamba anao, hata bila kipimo cha jeni. Hilo lisikutishe kupita kiasi. Ana faida ambayo baba yake hakuwa nayo: mama anayejua. Asiyeonyesha dalili yoyote huanza kuchunguzwa utumbo akifika miaka 8 hivi. Akianza kulia tumbo kwa mawimbi, kutapika, au kupauka viganja, msingoje huo umri. Mkiona matiti yake yanavimba akiwa bado mtoto, mpelekeni pia. Binti yako ana miaka 9, kwa hiyo yeye zamu yake imeshafika. Mtazameni ndani ya mashavu kwa tochi ya simu, mchana, mkicheza, asione kama anakaguliwa. Hata msipoona kidoa mtajeni kwa daktari. Akipata damu ya ukeni kabla ya umri wa kuvunja ungo, msiseme amekua mapema, apelekwe.

Udongo hauna kosa hapa. Una makosa yake mengine, unaleta minyoo na kukausha damu, mimba ijayo uuache, lakini hauchori vidoa midomoni mwa mtoto. Hakuna ulichokula wala ulichofanya. Mbegu hii ilitoka upande wa pili, tena bila hatia ya mtu yeyote. Huyo baba mkwe naye labda alirithishwa, labda ilianzia kwake, kwa maana wapo ambao ni wa kwanza katika ukoo wao.

Mama mkwe wako usigombane naye. Kwenye tambiko mimi sina neno, mradi siku tumbo likishika gari liende hospitali kwanza. Ila nikitazama vizuri, katika barua yako yote yeye ndiye aliyesema kweli mapema kuliko madaktari wote: ni jambo la ukoo. Kakosea dawa tu. Kwa hiyo mkalishe siku ametulia, mpikie anachopenda, na uwe na daftari. Nani katika ukoo alikufa kwa tumbo, akiwa na umri gani? Nani alikuwa akiongezewa damu? Nani alikuwa na uvimbe wa titi? Watoto wa shangazi wako wapi, na midomo yao ikoje? Na kama ametunza picha ya marehemu mumewe, hata ile ndogo ya kitambulisho, mwombe aitoe muitazame pamoja kwenye mwanga. Akianza kuhesabu majina wewe andika tu, usimkatize.